Vyombo vya Angani Vyenye Taa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wakusanyaji wa modeli za vyombo vya angani vya tamthilia za televisheni, hasa zile zinazowaka, na wa wale ambao bado wanapiga hesabu ya kununua ya kwanza. Maswali mengi huanzia kwenye umbo na bei. Majibu mengi huishia kwenye taa, kwa sababu plastiki inaweza kukaa kabatini miongo kadhaa bila kudai mengi, lakini betri, waya na balbu huanza kuzeeka siku ile ile unapofungua boksi.

Mnaposema "modeli zenye taa" mnamaanisha zipi?

Ziko za aina nyingi, na tofauti zake ni kubwa kuliko picha za matangazo zinavyoonyesha. Kuna chombo cha kuchezea: unabonyeza kitufe, taa zinawaka, spika ndogo inatoa sauti ya injini au ya silaha. Kuna seti ya kuunga mwenyewe, inayouzwa vipande vipande, ambayo mara nyingi taa zake huuzwa kando. Kuna nakala iliyokamilika kiwandani, ya kuonyesha tu. Kuna mapambo ya mti wa Krismasi, ambayo tumeyapa swali lake hapa chini kwa sababu yana vituko vyake. Kuna pia modeli zinazouzwa kwa awamu, kila mwezi unapokea vipande vichache pamoja na jarida. Juu ya zote ziko modeli zilizotumika studioni kupigia picha, ambazo wengi wetu tutaziona makumbusho tu.

Kwa nini televisheni na si sinema?

Kwa sababu ya mazoea. Chombo cha sinema unakiona saa mbili, kisha basi. Tamthilia ya kwanza ya Star Trek ilirushwa kuanzia Septemba 1966 hadi 1969, vipindi 79, na kwa kuwa bajeti ilikuwa ya kubana, picha zile zile za chombo kikizunguka sayari zilirudiwa tena na tena. Mtazamaji akaishia kukijua chombo kile dirisha kwa dirisha. Mtu wa namna hiyo huwezi kumuuzia modeli yenye taa mahali pasipo pake asigundue.

Taa zina umuhimu gani hasa? Si ni pambo tu?

Hapana. Taa ndizo zinazoambia jicho kwamba kitu hiki ni kikubwa. Angalia modeli ya kijivu bila taa: ni kipande cha plastiki. Washa nukta chache za mwanga kwenye madirisha yake, na ghafla kuna watu ndani, kuna vyumba, kuna ghorofa.

Watengenezaji wa Enterprise ya kwanza, chombo kile cha Star Trek, waliligundua hilo njiani. Modeli kubwa ya studio, iliyobuniwa na Matt Jefferies na yenye urefu wa takriban mita 3.4, haikuwa na taa yoyote ilipopigwa picha za kipindi cha majaribio. Baadaye ndipo madirisha yakawekewa mwanga, na mwishowe vikombe vya mbele vya mitungi ya injini, ambavyo mwanzoni vilikuwa kuba za mbao zenye ncha, vikabadilishwa kuwa kuba zinazopitisha mwanga, ndani yake mota zikizungusha mapanga mbele ya balbu zinazometameta. Waya zote ziliingilia upande wa kushoto. Kwa hiyo upande huo haukukamilishwa kabisa, na kamera ilipiga upande wa kulia. Kushoto kulipohitajika, picha iligeuzwa.

Modeli hiyo ilikabidhiwa kwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, mwaka 1974, na leo iko katika National Air and Space Museum mjini Washington. Ukarabati uliokamilika 2016 uliiwekea taa za LED badala ya zile za zamani zilizokuwa zikitoa joto. Ukisikia mtu anabisha kwamba kubadilisha balbu ni kuharibu uasili, mtajie makumbusho hayo.

Mbona modeli yangu inang'aa kupita kiasi, haifanani na niliyoiona kwenye skrini?

Swali hili ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaeleza mambo mengi kwa mpigo.

Kuanzia Star Trek: The Next Generation, iliyoanza 1987, chombo hakikupigwa picha mara moja. Kamera iliyoongozwa na kompyuta ilipita njia ile ile mara kadhaa bila kukosea hata kidogo. Mara ya kwanza ilinasa mwili wa chombo ukiwa umemulikwa kutoka nje. Mara nyingine taa za nje zikazimwa, ikanasa madirisha peke yake kwa muda mrefu zaidi. Kisha mng'ao wa injini, nao peke yake. Baadaye picha hizo zikaunganishwa, na fundi akaamua kila mwanga uwe na nguvu kiasi gani. Kwa maneno mengine, ule uwiano mzuri unaoukumbuka, mwili ukionekana vizuri na madirisha yakiwaka kwa upole, haukuwahi kuwepo studioni kwa wakati mmoja.

Kampuni ya vitu vya kuchezea haina anasa hiyo. Inataka taa zionekane dukani, chini ya mwanga mkali wa rafu, kwa hiyo inaweka mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Ukifika nyumbani ukazima taa ya chumba, madirisha yanakuchoma macho.

Dawa ni kupunguza. Ukiwa na ujasiri wa kufungua chombo, ongeza rezista, kipande kidogo kinachopunguza mkondo, kwenye njia ya umeme. Usipokuwa nao, weka chombo mahali penye mwanga hafifu wa pembeni badala ya giza totoro. Chumba chenye mwanga mdogo unaotoka upande mmoja kinafanya kazi ile ile iliyofanywa na taa ya studio, na hakikugharimu kitu.

Vyombo vyote vya televisheni vilikuwa modeli za mkono?

Sivyo, na kutolijua hilo kumewagharimu watu fedha. Babylon 5, ambayo kipindi chake cha majaribio kilirushwa 1993, ilitengeneza vyombo vyake ndani ya kompyuta. Kampuni ya Foundation Imaging ilianza kazi hiyo kwa mashine za Amiga na programu ya LightWave. Hakukuwa na modeli ya Starfury, chombo cha kivita cha tamthilia hiyo, ikining'inia studioni mbele ya kamera. Mtu akikuletea Starfury ya plastiki yenye waya ndani na kudai "hii ndiyo iliyopigwa picha angani", mshukuru kwa muda wake uende zako.

Katika Star Trek: Voyager mambo yalichanganyika: modeli ya mkono ilikuwepo, na ya kompyuta pia. Firefly ya 2002 ilitegemea kompyuta. Kwa vyombo vya aina hii, hata nakala bora kabisa imechongwa kufuata faili, na rangi ya taa zake ni uamuzi wa aliyeitengeneza.

Skeli ya 1/350 au 1/1000 inamaanisha nini, na niichukue ipi?

Gawanya urefu wa chombo cha hadithi kwa namba ya pili. Enterprise ya 1966 inahesabiwa kuwa na mita 289. Kwa 1/1000 utapata sentimita 29 hivi, ya kukaa mezani karibu na kompyuta. Kwa 1/350 utapata karibu sentimita 83, na hapo unahitaji kabati lake peke yake na mazungumzo ya heshima na watu unaoishi nao. Enterprise-D, ile ya The Next Generation, ni mita 642: seti maarufu ya 1/1400 ina sentimita 46. Ungeitaka kwa 1/350 ingefika mita 1.83, ambao kwa bahati ndio karibu urefu wa modeli kubwa ya studio yenyewe.

Japani nako wana mila yao. Meli ya kivita ya angani Yamato, ya katuni ya televisheni iliyoanza 1974, ilitolewa na kampuni ya Bandai mwaka 2007 kwa 1/350, sentimita 76 hivi, yenye taa na sauti.

Kwa mtu wa taa, skeli ni suala la nafasi ya ndani. Modeli ndogo haina mahali pa kuficha betri, kwa hiyo waya lazima zishuke kupitia nguzo ya stendi. Kubwa inabeba kila kitu, lakini inataka nukta nyingi za mwanga, la sivyo inaonekana kama jengo lililohamwa.

Vyombo vingi vya kuchezea havina skeli kabisa. Viwanda huchagua urefu unaotoshea boksi. Na ukiona maneno "skeli ya studio", maana yake ni kwamba nakala ina ukubwa sawa na modeli iliyopigwa picha. Hayahusiani na mita za kwenye hadithi.

Nianze na kipi?

Chombo cha kuchezea chenye taa na sauti, kilichokwisha tumika, kisicho na boksi. Enterprise za kampuni ya Diamond Select au Enterprise-D ya kampuni ya Playmates ya miaka ya 1990 zinafaa sana. Umbo lao linaridhisha, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na ukiharibu kitu hujaharibu urithi. Nakala za toleo maalumu zenye cheti zisubiri. Si kwa sababu ya bei tu: nyingi zimegundishwa moja kwa moja, na taa moja ikifa ndani ya sahani, ile sehemu ya duara ya mbele, huwezi kuifikia bila msumeno.

Ni kweli kwamba seti ya kwanza kabisa ya Enterprise ilikuwa na taa?

Ndiyo. Kampuni ya AMT iliitoa 1966, na matoleo ya mwanzo yalikuja na balbu ndogo za betri. Matoleo yaliyofuata yaliziacha. Seti hiyo ina sifa nyingine ya pekee: ilionekana kwenye tamthilia yenyewe. Mwaka 1967 kilihitajika chombo cha pili kilichoharibiwa vitani, na badala ya kujenga modeli mpya wakachukua seti ya AMT, wakaichoma na kuibomoa hapa na pale. Namba yake ubavuni, 1017, ni tarakimu za 1701, namba ya Enterprise yenyewe, zilizopangwa upya. Kwa hiyo anayedharau plastiki ya dukani ajue kwamba studio haikuidharau.

Ukipata ya mwanzo yenye taa zake, usiiunge. Iliyokwisha kuungwa, kagua mitungi ya injini: nguzo zake nyembamba hujulikana kwa kulegea na kuinama kadiri miaka inavyokwenda, na uzito wa waya huongeza tatizo. Waunganishaji wa leo hupitisha fimbo nyembamba ya chuma ndani ya nguzo kabla ya kugundisha.

Vipi kuhusu mapambo ya Hallmark?

Mwaka 1991, Star Trek ilipotimiza miaka 25, Hallmark ya Marekani ilitoa Enterprise ndogo ya kuning'iniza kwenye mti wa Krismasi. Ilipendwa kuliko walivyotarajia, na ndiyo iliyofungua mlango wa mfululizo mrefu wa kila mwaka. Mwaka uliofuata ukaja mtumbwi wa angani Galileo, nao ukibonyezwa ulitoa sauti ya Leonard Nimoy, mwigizaji wa tamthilia hiyo, akiwatakia watu heri ya sikukuu.

Tatizo liko kwenye umeme. Mapambo hayo ya zamani hayana betri. Unachomoa balbu moja kwenye mnyororo wa taa ndogo za mti, unachomeka waya wa pambo mahali pake. Mnyororo wa Marekani wa balbu 50 unagawanya volti 120 kwa zote, kila moja ikipata kama volti 2.4, na pambo limetengenezwa kwa kiasi hicho. Ukilichomeka kwenye mnyororo wa LED, au wa nchi ya volti 230 wenye mpangilio mwingine, mambo mawili yanaweza kutokea: lisiwake, au liwake mara moja ya mwisho. Dawa iliyo salama ni adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya mapambo hayo.

Maoni yetu: kwa ukubwa wake na kwa bei yake, Galileo ni kati ya vitu vya kufurahisha zaidi katika mkusanyo wowote. Wanaoyadharau mapambo kwa kuwa ni ya sikukuu wanajinyima.

Taa haziwaki. Nianzie wapi?

Anzia mahali rahisi. Weka betri mpya, zote kwa pamoja, aina moja. Betri moja kuukuu kati ya tatu inatosha kuzima kila kitu. Kisha angalia vibati vya chuma vinavyogusa betri: vikiwa na kutu ya kijani au unga mweupe, umeme haupiti. Visugue kwa msasa laini. Kisha swichi. Swichi iliyokaa miaka bila kuguswa hushika utando mwembamba ndani, na kuibonyeza mara nyingi mfululizo huiamsha.

Bado? Fungua. Waya hukatika pale unapopinda, hasa kwenye shingo ya chombo na kwenye nguzo za injini. Ukitikisa kidogo taa ikameta, umeshapata. Sauti ikitoka lakini taa haziwaki, betri na swichi ni nzima na shida iko kwenye njia ya taa. Taa zikiwaka hafifu sauti inapotoka, betri zimechoka.

Betri imevujia ndani. Kimekwisha?

Mara nyingi hapana. Unga mweupe wa betri za alkali una asili ya hidroksidi ya potasiamu, ambayo inachoma ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya limau, pangusa. Ikitoa povu, dawa inafanya kazi. Malizia kwa spiriti, acha ikauke kabisa kabla ya kuweka betri.

Angalia pia waya zenyewe. Uvujaji hupanda ndani ya waya chini ya ganda la plastiki, na ukilimenya unakuta shaba imegeuka nyeusi. Waya mweusi haushiki risasi ya kuungia. Kata mpaka ufike shaba inayong'aa, au ubadilishe wote.

Na kwa vyombo vilivyo salama bado: toa betri. Kila chombo ambacho hutakiwasha ndani ya mwezi huu, toa betri leo.

Naweza kubadilisha balbu za zamani kwa LED?

Unaweza, na kwa vyombo vya kabla ya miaka ya 1990 tunashauri ufanye hivyo, kwani balbu za zamani hutoa joto linaloweza kukunja plastiki nyembamba. Ila LED si balbu. Ina upande wa chanya na wa hasi, ukigeuza haiwaki. Na lazima iwe na rezista, isipokuwa uliyonunua inayo tayari.

Hesabu yake ni hii. LED nyeupe au ya buluu inataka volti 3 hivi, nyekundu 2 hivi. Toa hizo kwenye volti za chanzo, gawanya kwa mkondo unaoutaka. Kwa modeli, miliampia 10 ni nyingi tayari. Betri ya volti 9 na LED nyeupe: 9 toa 3 ni 6, gawanya kwa 0.01, unapata omu 600. Chukua rezista ya 680 iliyo juu yake. Kwa chaja ya USB ya volti 5 ni omu 200, chukua 220. Mwanga ukizidi, panda hadi 1000 au zaidi. Kupanda hakuunguzi kitu.

Hifadhi balbu ulizotoa kwenye kifuko na uandike zimetoka wapi. Mnunuzi wa kesho ataulizia.

USB au betri?

USB, kama chombo kinakaa mahali pamoja. Betri ya kubebeka ya simu haifai sana: nyingi hujizima zenyewe kwa sababu taa za modeli zinakula umeme kidogo mno, hivyo hudhani hakuna kilichochomekwa.

Mwanga unapenya kwenye mwili wa chombo, sahani nzima inang'aa kama taa ya mezani.

Plastiki ya kijivu si kizuizi. Kabla ya kuunga, paka ndani rangi nyeusi tabaka mbili, kisha juu yake nyeupe au ya fedha ili mwanga urudi ndani na kutoka madirishani tu. Maungio ya vipande nayo huvuja. Mstari wa rangi nyeusi au utepe wa alumini kwa ndani unatosha. Kwa chombo cha kuchezea kilichokwisha fungwa, kifungue na ufanye hivyo hivyo kadiri mkono unavyofika. Kazi hii inachosha na haionekani, lakini ndiyo inayotenganisha modeli nzuri na ya kawaida kuliko rangi yoyote utakayopaka nje.

Nyuzi za faiba, zile nyembamba zinazopitisha mwanga, zinafaa lini?

Madirisha yakiwa mengi na madogo. LED moja inaweza kulisha makumi ya nyuzi za milimita 0.25 au 0.5, kila moja ikiishia kwenye tundu lake. Uzigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao, si kwa gundi kali ya papo hapo, ambayo huufanya uzi kuwa mkavu ukakatika ukiupinda. Acha inchi moja nje, kata baada ya kupaka rangi.

Rangi zipi zikae wapi?

Vyombo vya Star Trek vilifuata kanuni ya meli na ndege: nyekundu kushoto, kijani kulia, ukiwa umekaa ndani unaangalia mbele. Kosa la kubadilisha pande linaonekana hata kwenye bidhaa za bei, na ni jambo la kwanza la kukagua kwenye picha ya muuzaji. Enterprise-D ina mwekundu mbele ya mitungi ya injini na buluu ubavuni.

Jupiter 2 ya Lost in Space, iliyoanza kurushwa 1965, ina duara la taa chini ya tumbo zinazokimbizana. Zikiwaka zote kwa pamoja bila kukimbizana, fedha yako idai.

Eagle ya Space: 1999, iliyobuniwa na Brian Johnson, ni kinyume. Kwenye skrini injini zake zilifoka gesi. Nakala yenye injini zinazong'aa rangi ya chungwa ni hiari ya fundi, na kwa macho yetu inaharibu chombo kilichopendeza kwa mifupa yake.

Napigaje picha chombo kikiwa kimewaka?

Fanya walivyofanya studioni. Weka simu au kamera kwenye stendi isiyotikisika. Piga picha moja taa za chumba zikiwaka na za chombo zimezimwa, nyingine chumba kikiwa giza na chombo kimewaka. Ziunganishe kwa programu yoyote ya picha na upunguze ya pili mpaka uridhike.

Plastiki nyeupe imegeuka njano. Inarudi?

Inarudi kwa kiasi, kwa hidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua, baada ya kutoa sehemu zote za umeme na za chuma. Lakini vibandiko huharibika, mabaka hutokea, na unjano unaweza kurejea. Kinga ni kukiweka mbali na dirisha. Sisi tungeuacha unjano.

Boksi lina thamani?

Lina, tena kubwa, lakini kwa anayenunua ili auze. Kwa chombo chenye taa boksi lililofungwa lina utata wake: betri za majaribio zilizowekwa kiwandani zinaweza kuwa zimevuja miaka mingi iliyopita na wewe unalipia siri hiyo bei ya juu. Omba picha ya sehemu ya betri kama boksi liliwahi kufunguliwa.

Juu kabisa ya ngazi bei hazina uhusiano na plastiki. Modeli kubwa ya studio ya Enterprise-D iliuzwa na jumba la mnada la Christie's, New York, Oktoba 2006, kwa dola 576,000.

Je, modeli za kununua kwa awamu ni salama?

Zina hatari ya aina yake: kampuni ikifa, unabaki na nusu chombo. Eaglemoss ya Uingereza, iliyokuwa imeanzisha mkusanyo wake wa vyombo vya Star Trek mwaka 2013, ilifungwa 2022, na waliokuwa katikati ya kujenga wakabaki na masanduku ya vipande. Kabla ya kujiandikisha, piga hesabu ya jumla hadi kipande cha mwisho, si bei ya toleo la kwanza ambayo daima ni ya kuvutia. Kisha jiulize kama ungelipa kiasi hicho kwa chombo kilichokamilika.

Nitatambuaje nakala iliyoibiwa?

Seti za resini za mafundi wadogo hunakiliwa kwa kutengenezewa kalibu upya. Nakala ya nakala huwa ndogo kidogo, kingo zake zimelainika, na ina vitundu vya hewa. Bei ikiwa nusu ya ile ya fundi mwenyewe na muuzaji hataji jina la aliyechonga, umeshapata jibu.

Ni salama kwa watoto?

Vingi havikutengenezwa kwa ajili yao. Betri za vitufe ndizo za kuogopwa zaidi: mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Mlango wa betri uwe na skrubu, na skrubu iwe imekazwa. Ukishuku mtoto amemeza, kimbilia hospitali bila kungoja dalili.

Vipande vidogo navyo vina historia. Mwaka 1978 Mattel iliuza vyombo vya Battlestar Galactica vilivyofyatua makombora madogo ya plastiki. Mtoto mmoja alikabwa na kombora akafariki, na matoleo ya baadaye yakawa na makombora yasiyotoka. Wakusanyaji huyatafuta yale ya kwanza. Yakae kabatini, juu.

Nakisafirishaje?

Toa betri kwanza, ziende kando au zisiende kabisa. Mashirika ya ndege yana masharti juu ya betri za lithiamu. Mitungi ya injini ikitoka, itoe. Isipotoka, jaza sponji laini kati yake na mwili ili nguzo zisibebe mtikisiko. Usifunge plastiki ya vipovu moja kwa moja juu ya rangi, kwani ikikaa kwenye joto huacha alama za duara. Tanguliza karatasi laini isiyo na asidi. Waya wa stendi uuzungushe peke yake, usiuache umechomekwa kwenye chombo. Na uwashe taa, upige video fupi zikiwaka kabla ya kufunga boksi, ili mpokeaji asije akadai hazikuwahi kuwaka.